John Tyndall, mpima ardhi aliyepima joto la hewa

Siku hizi vyuo vikuu vingi duniani vinapima gesijoto zinazotoka ndani ya maeneo yao: jiko la wanafunzi linatoa kiasi gani, jenereta kiasi gani, mabasi ya chuo kiasi gani. Tukilitaja jambo hili hewani, wasikilizaji wa Same, wa tambarare na wa milimani, huuliza mambo mawili. Hewa haionekani wala haishikiki, sasa mtu anaipimaje? Na nani alithibitisha kwamba hewa fulani inashika joto na nyingine haishiki?

Swali la kwanza tutalijibu humu humu katikati ya makala. La pili lina jina la mtu. Anaitwa John Tyndall, mtoto wa konstebo wa kijijini, aliyefariki dunia zaidi ya miaka 130 iliyopita. Hakuwa na kompyuta wala umeme wa ukutani. Alikuwa na bomba la shaba, maji yanayochemka, vipande viwili vya chumvi ya mawe na subira nyingi sana.

Tyndall alizaliwa tarehe 2 Agosti 1820 katika kijiji cha Leighlinbridge, jimbo la Carlow, Ireland, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Uingereza. Baba yake alikuwa askari polisi wa cheo cha chini na nyumbani hapakuwa na mali. Kilichokuwapo ni hamu ya elimu. Baba alikuwa Mprotestanti, na pale Ireland Waprotestanti na Wakatoliki walikuwa hawachangamani hovyo, lakini alimpeleka mwanawe kwa mwalimu Mkatoliki kwa sababu mwalimu yule alijua kufundisha hesabu. Tunaona uamuzi huo mmoja ndio uliofungua njia yote iliyofuata.

Mwaka 1839, akiwa na miaka 19 hivi, aliajiriwa kupima ardhi. Serikali ilikuwa inachora ramani ya Ireland, kisha ya Uingereza, na vijana wenye hesabu walihitajika. Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu: kupanda na kushuka vilima, mnyororo wa kupimia mkononi, daftari mfukoni, na jioni kukaa mezani kukokotoa. Wazee wetu ambao mababu zao waliwaona wapimaji wa reli ya Tanga wakipita chini ya Milima ya Upare, kabla reli haijafika Moshi mwaka 1911, wanaweza kuipata picha hiyo vizuri.

Mwaka 1843 alifukuzwa. Yeye na wenzake walilalamikia malipo duni na jinsi walivyotendewa, na malalamiko hayo yakafika magazetini. Alirudi nyumbani bila kazi. Baadaye Uingereza iliingiwa na homa ya kujenga reli na wapimaji wakatafutwa kama dhahabu, naye akapata nafasi kwenye makampuni ya reli, akafanya kazi mchana na usiku, akaweka akiba. Akiba ile hakuinunulia shamba. Mwaka 1847 akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya Queenwood, kusini mwa Uingereza, na mwaka uliofuata akaondoka na mwalimu mwenzake, mkemia Edward Frankland, kwenda Marburg, Ujerumani, kusoma sayansi kwa fedha zake mwenyewe. Umri wake ulikuwa miaka 28, na Kijerumani alikijua kidogo tu. Ilipofika mwaka 1850 alikuwa amekwisha pata shahada ya udaktari.

Shahada haikumpa kazi mara moja, kama wanavyojua vijana wengi wanaotusikiliza. Aliomba kazi vyuoni Toronto na Sydney, akakosa. Mwaka 1853 alialikwa kutoa mhadhara mmoja katika Taasisi ya Kifalme, London, mahali alipofanya kazi Michael Faraday, bingwa wa umeme, ambaye naye alikuwa mtoto wa mhunzi. Watu waliusikiliza mhadhara wakaupenda, na mwaka huo huo Tyndall akafanywa profesa hapo. Alikaa hapo zaidi ya miaka 30. Alikuwa na kipaji cha kueleza mambo magumu mbele ya umati, na watoto waliletwa kumsikiliza wakati wa Krismasi akiwaonyesha majaribio mezani.

Jambo lililompeleka kwenye habari ya hewa lilikuwa milima. Mwaka 1856 alikwenda Uswisi na rafiki yake Thomas Huxley kuchunguza barafu za milima ya Alps, akanaswa na upandaji. Tarehe 19 Agosti 1861 yeye na waongozaji wake wawili walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Weisshorn, mlima wenye urefu wa mita 4,506. Hapa kwetu kilele kirefu cha Upare, Shengena, ni mita 2,462. Msikilizaji wa Chome anaweza kukisia tofauti. Jina la Tyndall limefika hadi Afrika Mashariki: kule Mlima Kenya iko barafu inayoitwa Tyndall. Imesinyaa mno kuliko ilivyokuwa wakati ilipopewa jina hilo.

Wataalamu wa enzi hizo walikuwa wamegundua kwamba zamani sana barafu ilifunika sehemu kubwa za Ulaya. Kwa nini ilikuja, na kwa nini iliondoka? Mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier alikuwa ameeleza tangu miaka ya 1820 kwamba hewa inayoizunguka dunia inasaidia kuhifadhi joto. Kilichokosekana ni kipimo. Hakuna aliyekuwa ameonyesha mezani hewa gani inazuia joto lisitoroke, na kwa kiasi gani.

Hapa ni lazima tumtaje mwanamke mmoja. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka hewa za aina mbalimbali katika mitungi ya kioo juani na kuona kwamba mtungi wenye hewa ukaa ulipata joto zaidi na ulichelewa kupoa. Aliandika kwamba hewa ya namna hiyo ikizidi, dunia ingekuwa na joto zaidi. Ripoti yake ilisomwa kwenye mkutano wa wanasayansi na mwanamume, kisha ikasahaulika kwa zaidi ya miaka 100. Jaribio lake halikuweza kutenganisha joto la mwanga wa jua na lile joto lisiloonekana linalotoka ardhini, lakini alitangulia, na haki yake apewe.

Tyndall alianza mwaka 1859. Alitengeneza bomba la shaba la urefu wa futi nne hivi. Ncha zake aliziziba kwa vipande vya chumvi ya mawe vilivyosuguliwa hadi vikawa angavu, kwa sababu kioo huzuia joto na chumvi hulipitisha. Upande mmoja aliweka chombo cha maji yanayochemka. Upande wa pili aliweka kifaa cha vipande vya metali vilivyounganishwa, ambavyo vikipata joto hutoa umeme kidogo sana, na umeme huo husogeza sindano.

Sasa fikiria mizani ya sahani mbili, ile inayopimia tangawizi gulioni. Tyndall aliweka chanzo kingine cha joto upande wa pili wa kile kifaa, akakisogeza taratibu hadi joto la pande zote mbili likalingana na sindano ikasimama kwenye sifuri. Bomba lilikuwa tupu, hewa yote imevutwa nje kwa pampu. Kisha aliingiza hewa moja na kuitazama sindano. Kama hewa ile inapitisha joto lote, sindano haitikisiki. Kama inalinyonya, upande mmoja unapungukiwa na sindano inakwenda.

Aliingiza oksijeni, sindano ikatulia. Naitrojeni, ikatulia. Hizi mbili ndizo karibu hewa yote tunayovuta. Alipoingiza hewa ukaa, ile inayotoka kwenye pumzi zetu na kwenye moto, sindano iliondoka. Mvuke wa maji, iliondoka. Gesi ya vinamasi, ambayo leo tunaiita methani, iliondoka kwa nguvu. Kwa vipimo vyake, bomba lililojaa hewa ukaa lilinyonya joto karibu mara 90 kuliko lililojaa hewa kavu ya kawaida, na lile la gesi ya vinamasi zaidi ya mara 400. Mwaka 1860 alirudia kazi hiyo kwa wiki saba, saa nyingi kila siku, kwa sababu hakuyaamini majibu yake mwenyewe. Alijaribu hata harufu za manukato, nazo zilisogeza sindano.

Gesi ya vinamasi hutoka kwenye matope yaliyofunikwa na maji. Mkulima wa mpunga wa Ndungu akikanyaga jaruba lililojaa maji huona mapovu yakipanda. Ndani yake imo methani. Na mvuke wa maji ndio uliomvutia Tyndall kuliko vyote. Alieleza kwamba kama mvuke ungeondoka angani kwa usiku mmoja tu, joto la ardhi lingetoroka na mimea ingeuawa na baridi. Mfugaji wa Ruvu anajua kwamba usiku mkavu wa mwezi wa saba, nyota zikiwa zimetapakaa, hutetemesha meno kuliko usiku wa mawingu. Sababu ndiyo hiyo. Mwaka 1861 Tyndall alitangaza pia kwamba mabadiliko ya kiasi cha gesi hizi yangeweza kueleza kuja na kuondoka kwa zile barafu za kale.

Tusimpe asichostahili. Tyndall hakusema kwamba makaa ya mawe yaliyokuwa yakiungua viwandani yangeipasha dunia joto. Hesabu ya jambo hilo ilifanywa na Msweden Svante Arrhenius mwaka 1896, Tyndall akiwa kaburini. Na aliyepima hewa ukaa angani bila kukoma alikuwa Mmarekani Charles David Keeling, aliyeanza mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati huo katika kila chembe milioni za hewa, 313 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420.

Sasa turudi kwenye vyuo. Anayepima gesijoto za chuo hazunguki na bomba kukinga moshi. Anahesabu kilichoungua, kisha anazidisha. Tuchukue dizeli. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Wengi hushangaa, maana lita ya dizeli yenyewe haifiki hata kilo moja. Uzito wa ziada unatoka angani: kaboni iliyomo kwenye dizeli hujiunga na oksijeni ya hewa, na kila kilo 12 za kaboni huchukua kilo 32 za oksijeni na kuwa kilo 44 za hewa ukaa. Basi chuo ambacho jenereta lake linakunywa lita 200 kwa mwezi kimetoa kama kilo 540 kwa mwezi huo.

Kuni huhesabiwa vivyo hivyo. Karibu nusu ya uzito wa ukuni mkavu ni kaboni, kwa hiyo lori lililobeba tani tano za kuni kavu litatoa karibu tani tisa za hewa ukaa jikoni. Kuna tofauti moja muhimu. Kama miti ile imetoka shambani na inapandwa tena, inayokua huirudisha hewa ile polepole. Kama imetoka kwenye msitu unaokatwa bila kurudi, deni linabaki. Mpimaji mwaminifu atauliza kuni zimetoka wapi, na sisi wenyeji wa chini ya Shengena tunajua kwa nini swali hilo ni zito: maji ya ndiva zetu yanashuka kutoka msituni huko.

Kuna na mifugo, kama chuo kina shamba. Kwa makadirio ya mwaka 2006 ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa hutoa kama kilo 31 za methani kwa mwaka. Kilo moja ya methani, kwa muda wa miaka 100, hupasha joto kama kilo 28 za hewa ukaa. Zidisha, utapata kilo 868, sawa na kuchoma lita 320 hivi za dizeli. Hiyo 28 hailingani na mara 400 na mara 90 za Tyndall kwa sababu yeye alilinganisha mabomba yaliyojaa, leo wanalinganisha kilo kwa kilo na kuhesabu pia gesi inadumu angani muda gani. Lakini wazo la kulinganisha gesi moja na nyingine kwa kipimo lilitoka mezani kwake.

Vinavyounguzwa chuoni penyewe huwekwa fungu moja, umeme unaonunuliwa fungu la pili, na fungu la tatu ni vile vinavyotokea mbali kwa ajili ya chuo: safari, chakula kinacholetwa, taka zinazotupwa. Fungu hili la tatu ndilo gumu, na ndilo ambalo wengi huliruka.

Kwa nini tunasumbuka na hesabu hizi Same? Kwa sababu zimekwisha ingia kwenye sheria na kwenye fedha. Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwaka 2022 zilitoka kanuni za biashara ya kaboni. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kina Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni. Mnunuzi wa kaboni akifika kijijini na makaratasi yake, tani alizoandika ndizo zitakazolipiwa, na kijiji kisichojua tani moja inapatikanaje kitasaini tu. Mtoto wa sekondari anayeweza kuzidisha anaweza kuanza na jiko la shule yake.

Tyndall mwenyewe alikuwa na mengi mengine. Alieleza kwa nini anga ni la buluu na kwa nini mwali wa jua unaoingia chumba chenye vumbi huonekana. Kutokana na uchunguzi huo wa vumbi alitengeneza kifaa cha kuwasaidia wazima moto kupumua ndani ya moshi. Alionyesha kwamba vijidudu sugu hufa mchuzi ukichemshwa, ukaachwa, ukachemshwa tena siku zinazofuata. Aliishauri serikali juu ya minara ya kuongozea meli. Mwaka 1872 alikwenda Marekani kutoa mihadhara, akapata fedha nyingi, na faida yote akaiacha huko isomeshe vijana wa sayansi. Mwaka 1874, mjini Belfast, alisema hadharani kwamba mambo ya maumbile yaachiwe sayansi, na viongozi wa dini wakamshambulia miezi mingi.

Kuna upande ambao hatutauficha. Mwaka 1865 Weusi wa Morant Bay, Jamaica, waliinuka dhidi ya dhuluma, na Gavana Edward Eyre akaamuru wazimwe kwa risasi na kamba. Zaidi ya watu 400 waliuawa. Uingereza iligawanyika. Charles Darwin na Huxley, rafiki wa Tyndall, walitaka gavana ashitakiwe. Tyndall alijiunga na kamati ya kumtetea. Mtoto wa maskini aliyefukuzwa kazi kwa kudai haki alisimama upande wa aliyeshika bunduki. Vilevile alipinga Ireland, nchi yake ya kuzaliwa, ijitawale. Sindano yake ya chumba cha majaribio ilikuwa sahihi kuliko hukumu zake juu ya watu.

Alioa akiwa amechelewa, mwaka 1876, akiwa na miaka 55. Mkewe, Louisa Hamilton, alikuwa mdogo kwake kwa miaka 25 hivi, akawa msaidizi wake katika majaribio na maandishi. Hawakujaliwa watoto. Miaka ya 1880 walijenga nyumba Hindhead, kusini mwa London, kwa ajili ya hewa safi, maana usingizi ulikuwa umemkimbia Tyndall kwa miaka mingi na afya ilikuwa inashuka. Kila usiku alikunywa dawa ya usingizi iitwayo klorali. Asubuhi alikunywa dawa ya tumbo, magnesia.

Asubuhi ya tarehe 4 Desemba 1893 Louisa alimpa dawa kama siku zote. Chupa zilikuwa zimekaribiana, akamimina klorali badala ya magnesia. Wote wawili walitambua papo hapo. Daktari aliitwa, wakahangaika mchana kutwa, na jioni Tyndall akafariki, umri wake miaka 73.

Louisa aliishi miaka mingine 47. Alikusanya kila barua na kila daftari la mumewe, la milimani na la maabara, akinuia kuandika maisha yake mwenyewe, asimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Aliendelea kukusanya hadi alipofariki mwaka 1940, kitabu kikiwa hakijakamilika. Kilimaliziwa na wengine na kutolewa mwaka 1945.